Kwa nini nimemlilia Mtaliano, Mwas nikamcheka tu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Wikendi iliyopita nilijifungia kutazama filamu. Ijumaa usiku niliona Nairobi Half Life na wenzangu wa hosteli, tukacheka sana. Jumamosi nikaona peke yangu Ladri di biciclette, ile ya Kitaliano ya mwaka 1948, nyeusi na nyeupe, ya baba anayeibiwa baiskeli. Mwisho wake nililia mpaka nikajishangaa. Jumapili usiku nikamalizia na La Noire de… ya Senegali. Katikati nilisinzia, ila mwisho uliniumiza, na hasira yake sijaimaliza hadi leo. Nilipotaka kuandika maoni yangu, kalamu iligoma. Niliambulia "nzuri", "kali" na "inafundisha". Je, ni mimi sijui filamu? Na mbona nimlilie Mtaliano ambaye hata lugha yake siijui, halafu Mwas, yule kijana wa Nairobi Half Life, wa hapa jirani, nisimlilie? Mwisho, mdogo wangu wa kiume ana miaka 11 na anataka kuiona ile ya baiskeli. Nimruhusu? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kwanza niwatahadharishe wengine: asiyeziona filamu hizi tatu ajue nitazizungumzia mpaka miisho yake.

Wewe filamu unaijua. Umecheka, umelia, umesinzia, umekasirika, na kila kimoja umekitaja kwa siku yake. Hayo ndiyo maoni yenyewe. Kilichobaki ni kurudi nyuma na kutafuta ni kitu gani hasa ndani ya filamu kilichokufanya hivyo, na hapo ndipo wengi tunapokata tamaa mapema na kukimbilia "inafundisha".

Nenda kwenye kibanda umiza chochote muvi ikiisha, usimame mlangoni usikilize. Humsikii mtu akisema inafundisha. Utasikia: "Pale stering alipogeuka, yule adui wa kofia alikuwa ameshaokota bunduki, we hukumwona?" Mwingine anabisha, bunduki ilikuwa chini ya meza. Wanabishania kipande cha sekunde tatu kwa nusu saa, na hakuna aliyewafundisha. Sisi tuliosoma ndio tukishika kalamu tunaona haya kuandika "pale alipogeuka", tunatafuta maneno makubwa. Maoni mazuri ya filamu yanaanzia kwenye hilo "pale".

Sasa tuanze na machozi yako ya Jumamosi.

Antonio Ricci ni baba asiye na kazi katika Roma ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Anapata kazi ya kubandika mabango, lakini sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe Maria anavua mashuka kitandani, anayafunga furushi, wanakwenda kuyaweka rehani ili waikomboe baiskeli. Kumbuka kilichofuata. Antonio anachungulia ndani, anamwona mfanyakazi amelibeba furushi lao anapanda nalo kwenye rafu, anapanda tena, anazidi kupanda, na rafu zote zimejaa mafurushi kama lile kwenda juu kabisa. Mwongozaji, Vittorio De Sica, hamweki mtu yeyote pale atuhutubie kuhusu umaskini wa Italia. Tunahesabu wenyewe: kila furushi ni kitanda cha mtu kisicho na shuka.

Kwa hiyo baiskeli inapoibwa, tena siku ya kwanza ya kazi, hukuona chuma kikiondoka. Uliona mashuka ya Maria. Filamu ilikuwa imekukopesha uzito ule mapema, ikaja kukudai baadaye.

Halafu inakuja ile Jumapili ya kuitafuta. Sehemu kubwa ya filamu iliyobaki ni siku hiyo moja, baba na mtoto wake Bruno wanatembea. Sokoni, mvua, kanisani, kwa mwanamke mtabiri, mitaani. Watu wa kuandika hadithi za haraka wangeikata nusu, na wangeiua. Ule uchovu wa miguu ndio unaokusogeza karibu na Bruno. Mara baba anamzaba kibao kwa hasira, Bruno ananuna, anatembea upande wa pili. Mara inasikika kelele ya mtoto anayezama mtoni, na Antonio anakimbia roho mkononi akidhani ni wake. Siye. Baada ya hofu ile anampeleka mgahawani, wanakula kama watu wenye pesa, na Bruno anamtazama mtoto wa tajiri kwenye meza ya pili anavyoivuta jibini ya moto mdomoni. Pale Antonio anaanza kupiga hesabu za mshahara ambao hataupata, na Bruno ndiye anayeshika penseli.

Ukifika mwisho, tayari umekaa na mtoto huyu siku nzima. Nje ya uwanja wa mpira kuna baiskeli zimepangwa, na moja iko peke yake mlangoni kwa mtu. Antonio anampa Bruno nauli, anamwambia atangulie na tramu. Bruno anaikosa tramu. Hili ni jambo dogo mno, mtazamaji mwingine halioni kabisa, lakini jaribu kuliondoa uone. Bruno angepanda ile tramu, tungebaki na mwizi aliyekamatwa, basi. Kwa kuwa ameikosa, anageuka na kumwona baba yake juu ya baiskeli ya mtu, kundi linamkimbiza, wanamkamata, wanampiga makofi, kofia inaanguka. Anayeiokota ile kofia na kuipangusa ni Bruno. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto, anasema mwacheni aende. Wanaondoka kwa miguu ndani ya umati, Antonio anaanza kulia, na mtoto anatia mkono wake kwenye mkono wa baba.

Nadhani ulilia kwa sababu uliangalia aibu ya baba kupitia macho ya mtoto. Hilo halihitaji Kitaliano. Maandishi ya chini ya skrini yalikuwa na kazi ndogo sana katika dakika zile. Ukiyafuta, hupotezi karibu kitu.

Kuna jambo jingine. Lamberto Maggiorani, aliyeigiza Antonio, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, hakuwa mwigizaji. Mtayarishaji mkubwa wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kuweka pesa kama Antonio angeigizwa na Cary Grant. De Sica akakataa. Unajua kwa nini alikuwa sahihi? Kwetu tunasema stering hafi. Ukimweka Cary Grant pale, mtazamaji anatulia kitini, anajua baiskeli itapatikana tu. Uso wa Maggiorani haukuahidi chochote.

Sasa Mwas. Hapa unajilaumu bure.

Nairobi Half Life, aliyoiongoza David "Tosh" Gitonga mwaka 2012, inamhusu kijana wa kijijini anayeuza DVD za magendo na kuwaigizia wateja vipande vya filamu za mapigano ili wanunue. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, na mji unamvua kila kitu kabla hajapata pa kuweka begi: anaporwa, anakamatwa, anatupwa mahabusu, anaamriwa kusafisha choo kilichojaa uchafu. Humo ndani anakutana na Oti, na kupitia kwa Oti anaingia kwenye genge la wezi wa vipuri vya magari. Upande mwingine anapata nafasi kwenye mchezo wa jukwaani. Usiku mwizi, mchana msanii.

Ona tofauti ya mwendo. Antonio anapewa Jumapili nzima ya kutafuta kitu kimoja. Mwas hapewi hata dakika ya kukaa chini ajionee huruma. Kila mlango anaopita anakuta watu wa kuwaigizia: wateja, wafungwa wenzake, genge, watu wa tamthilia. Anaishi kwa kuigiza, na Joseph Wairimu anamfanya awe na ucheshi wa mtu anayejua kwamba akinyamaza ataumizwa. Hakushangaza mtu kupewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban mwaka huo. Filamu imekutaka ucheke, na umecheka. Umeitazama sawasawa.

Swali langu kwako ni hili: kicheko chenu pale hosteli kiliisha wapi? Maana kiliisha, nina hakika. Wakati wanaiba vioo na taa za magari mlikuwa mnacheka, ni wepesi wa mikono tu, ni vitu vya matajiri. Baadaye mambo yanageuka, bunduki zinaingia, polisi wanaingia, na polisi wenyewe ni sehemu ya biashara. Kuna dakika chumba kilinyamaza. Itafute hiyo dakika. Waulize wenzako, kila mmoja ataitaja ya kwake, na hapo utakuwa na mengi ya kuandika kuliko yote uliyoandika kuhusu Mtaliano. Gitonga amekufanya mshirika wa wizi kabla hajakuonyesha bei yake.

Na kuna upande wako wewe mtazamaji. Filamu ya mbali tunaingia nayo kama wageni, tunakubali tunachopewa. Ya jirani tunaingia nayo kama wakaguzi. Sheng ile ndiyo inayozungumzwa kweli? Stendi iko hivyo? Mshamba gani anayejibu hivi? Hata hadithi yenyewe, ya kijana kwenda mjini na kuliwa na mji, umeisikia tangu utotoni, kwa hiyo akili yako ilikuwa hatua moja mbele ya Mwas muda wote. Antonio ulikuwa hujui anaelekea wapi. Tena kwa lugha usiyoijua huwezi kumnasa mwigizaji anayekosea sauti. Kwa Kiswahili unamnasa kwa neno moja. Sisemi waigizaji wa De Sica ni wabovu, nasema tu kwamba mizani unayoshika kwa filamu hizi mbili haifanani.

Usisahau pia kwamba uliitazama katikati ya watu. Ukiwa na kundi unacheka kwa urahisi na kulia kwa shida. Kasoro ya Nairobi Half Life, kwa maoni yangu, ni kwamba theluthi ya mwisho inakimbia kupita kiasi. Watu wanaanguka kabla hatujamaliza kuwafahamu. Lakini kule kumalizia jukwaani, Mwas mbele ya watazamaji wasiojua ametoka kwenye nini usiku ule, ni uamuzi wa mwongozaji anayejua anachofanya.

Ya Jumapili ndiyo ngumu kuliko zote, na imenifurahisha kuona umekiri usingizi.

Ousmane Sembène alikuwa mpakuaji mizigo bandarini Marseille, akawa mwandishi, kisha akaenda Moscow kujifunza filamu akiwa mtu mzima, kwa sababu vitabu vyake havikuwafikia watu wake wasiojua kusoma. La Noire de… ilitoka mwaka 1966, ina urefu wa kama saa moja tu, na chanzo chake ni habari ya kweli iliyoandikwa gazetini Ufaransa. Diouana, msichana wa Dakar, anakaa kando ya barabara na wasichana wengine wakisubiri mabibi wa Kizungu waje kuchagua mfanyakazi. Wenzake wanamvamia yule mama. Yeye anabaki amekaa, na ndiye anayechaguliwa. Pale Dakar kazi yake ni kulea watoto. Anapoitwa Ufaransa, Antibes, anadhani ni kazi ileile na mji wa kutembelea. Anafika amevaa gauni lake zuri na viatu vya kisigino. Anapewa aproni. Baadaye anaambiwa avue na vile viatu.

Kuanzia hapo filamu inakufungia ndani naye: jikoni, chumbani, bafuni, sebuleni, jikoni tena. Ufaransa yake yote ni kuta hizo nyeupe. Mbele ya waajiri anajibu ndiyo bwana, ndiyo bibi, hasemi zaidi, huku sisi tukisikia mawazo yake yakimwagika bila kukoma. Na hiyo sauti ya mawazo si ya Mbissine Thérèse Diop tunayemwona kwenye skrini; aliyeisoma ni mwigizaji wa Haiti, Toto Bissainthe. Sauti imeachana na mdomo. Ukiitazama mara ya pili utaona inavyokukosesha raha.

Kwa hiyo ulisinzia wapi? Naweza kubahatisha: katikati, kwenye kupika na kufagia. Na Sembène hakukosea pale. Angeweza kutuonyesha anafagia mara moja tukaelewa, akaenda mbele. Ametufagiza naye. Kwako usingizi, kwake kifungo. Nakiri pia kuna sehemu za kuigiza zilizo kavu, hasa kwa wale wageni wa chakula, lakini ukavu ule sioni kama umeharibu kitu.

Kisha kile kinyago. Diouana alikipeleka zawadi kwa waajiri wake walipomwajiri Dakar, na pale kiliwekwa pamoja na vingine. Antibes kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe. Mambo yanapoharibika, anakitaka kinyago chake. Bibi anakivuta huku, yeye anakivuta kule, wanagombea kama watoto. Hakuna aliyemtukana mwenzake utumwa wala ukoloni katika kipande kile, na hakuna tusi lililohitajika. Anafunga sanduku, anarudisha pesa, na anajiua bafuni. Ufukweni watu wanaota jua na gazeti, na kifo chake ni habari fupi ndani yake. Bwana anarudisha sanduku na kinyago Dakar, mama wa marehemu anakataa pesa, na mtoto mmoja anavaa kinyago na kumfuata yule bwana nyuma nyuma mpaka anaongeza mwendo kuelekea kwenye gari lake.

Hasira yako, binti yangu, nadhani ina sura ya mtu unayemjua. Mwanza, Tanga, Mombasa, Kampala, kuna mtaa gani usio na binti aliyekwenda Oman au Saudia kufanya kazi za ndani, akaahidiwa hili akakuta lile? Simu zinapungua, kisha zinakatika. Filamu ya mwaka 1966 imekukuta na mambo ya mwaka huu. Ndiyo maana ya Jumamosi ilikutoa machozi ukalala, na hii umeamka nayo Jumatatu. De Sica anakuachia mkono wa mtoto ushike. Sembène hakupi cha kushika.

Kuhusu kuandika. Usitafute maoni ya watu wengine kwanza. Ukishayasoma, ya kwako hayarudi. Kaa na karatasi asubuhi inayofuata, uandike kipande cha kwanza kinachokujia kichwani, hata kama ni cha kipuuzi, hata kama ni kofia. Eleza kilivyo: nani yuko wapi, tunamwona kwa karibu au kwa mbali, kuna sauti gani, sisi tunajua nini ambacho yeye hajui. Ukishafanya hivyo, sema ulivyojisikia. Hukumu ije mwisho, na ikikataa kuja, iache. Mfano, kwa La Noire de… ningekuwa wewe ningeanza hivi:

"Nilisinzia Diouana alipokuwa anapika. Nilipozinduka bado alikuwa jikoni. Nikafikiri sijakosa kitu, na nusu saa baadaye, alipofunga sanduku lake, nikaona aibu kwa wazo lile, maana na wale waajiri wake nao walidhani hawajakosa kitu."

Ni mistari michache, haina neno "kali", na msomaji tayari anajua filamu ikoje na wewe ukoje. Usingizi umekuwa mali.

Na zisipangwe tatu mfululizo namna ile. Filamu zinaambukizana. Ijumaa umemwona kijana anaiba, Jumamosi umemwona baba anaiba, na ukafika kwa Diouana umebeba wezi wawili, macho yamechoka, kesho yake kuna vipindi. Sembène ndiye aliyelipa gharama. Mrudie peke yake, siku ya katikati ya juma, mapema jioni, simu ikiwa chumba kingine. Ni saa moja tu.

Mdogo wako mruhusu aone ya baiskeli. Bruno hamzidi umri, hakuna lugha chafu ya kukutia wasiwasi, na ile kuchoka kwa kutembea watoto wanaielewa kuliko sisi. Kaa naye umsomee maandishi, kwa sababu yanapita haraka. Atakuuliza kama baba yake Bruno ni mwizi au si mwizi. Usimjibu haraka, muulize yeye kwanza. Nairobi Half Life isubiri miaka kadhaa: damu ni nyingi, matusi ni mengi, na kuna mambo ya danguro. La Noire de… haina picha za kutisha isipokuwa ile ya bafuni, lakini kwa miaka 11 naona ni mapema. Akifika kidato cha pili au cha tatu mkae muione pamoja, na kama mna ndugu aliyewahi kufanya kazi huko Uarabuni, mkaribisheni naye akipenda.